Niliyomsomea Shangazi Adventina

Mwezi uliopita nilisimama kwenye steshenari moja pale Bukoba mjini nikisubiri kopi za ratiba ya mazishi. Mashine ilitoa karatasi moja baada ya nyingine, na dada aliyekuwa akihudumia alizikusanya, akazigonga mezani zikae sawa, akanikabidhi. Zilikuwa bado za moto. Nilizibana kifuani, ile harufu ya wino wa mashine ikanipanda puani, na miguu ikakataa kuondoka. Dada yule aliniuliza kama kuna kosa. Nilimwambia hakuna, nimeisoma mara nne. Tulikuwa tunamzika shangazi yangu Adventina, kule kwetu Muleba, na ratiba ile niliichapa mwenyewe.

Wengi wa rika langu tulikutana na kompyuta tukiwa watu wazima, chuoni au kazini, tukaishika mausi kama mtu anavyoshika yai. Mimi niliijua nikiwa darasa la tano, na aliyenifundisha hakuwahi kugusa mausi mbele yangu hata siku moja.

Nilipelekwa Bukoba likizo ya mwisho wa mwaka ilipokwisha. Baba aliniambia kwamba dada yake ameomba mtoto wa kukaa naye, tena ameniomba mimi kwa jina, kwa sababu amesikia nasoma vizuri. Nilivimba kichwa. Nyumbani tulikuwa watoto watano, na hakuna aliyewahi kuniomba kwa jina kwa jambo lolote isipokuwa kuchota maji. Mama alinifungia nguo zangu mbili tatu, akaniambia nimtii Shangazi na nisiwe na maneno mengi kwa watu. Hilo la maneno mengi alilirudia mara tatu mpaka kituo cha basi. Nilidhani ananionya kuhusu ulimi wangu, ambao kweli ulikuwa mrefu.

Shangazi alikuwa amepanga chumba na sebule Hamugembe, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba pande zote hata mchana ndani kulikuwa na mwanga wa kijani. Hakuwa ameolewa. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, anatembea haraka, na kila asubuhi tulishuka pamoja hadi njia panda, mimi nikaelekea shule, yeye mjini. Alikuwa mchapaji kwenye duka la mzee mmoja tuliyemwita Ta Zakaria. Kazi yao ilikuwa barua za maombi, mikataba ya viwanja, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja dukani, nakula ndizi na maharage yaliyokuwa yamewekwa kwenye hotipoti chini ya meza, halafu kazi inaanza.

Kazi yangu ilikuwa kusoma. Nilikaa kwenye stuli kushoto kwake, karatasi ya mteja mapajani, nikasoma kwa sauti, naye akachapa. Alimweleza Ta Zakaria kwamba macho yakihama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kioo cha kompyuta mstari unapotea, na muda unapotea nao, kwa hiyo akisomewa anachapa mara mbili zaidi. Ilikuwa kweli. Nilikuwa sijamaliza neno, vidole vimeshalimaliza. Ta Zakaria, aliyekaa mlangoni na mashine ya fotokopi, mwenye koti lile lile la kahawia mwaka mzima, alikuwa akiwaambia wateja kwamba maduka mengine yana mashine, yeye ana Adventina. Watu walitoka Nyanga na Ijuganyondo wakapita steshenari tatu njiani ili wachapiwe na yeye.

Mausi ilikuwepo. Ilikaa pembeni imefunikwa kitambaa cha kufutia vumbi. Nilipomuuliza kwa nini haitumii, aliniambia kwamba mkono ukitoka kwenye kibodi kuifuata mausi umepoteza muda, na ukirudi umepoteza tena, na kwamba mchapaji wa kweli hatoi mikono nyumbani kwake. Akanifundisha. Kontrol na N, ukurasa mpya. Kontrol na E, maneno yanakaa katikati. Kontrol na B, yananenepa. Shift na F3, herufi ndogo zinakuwa kubwa. Kontrol na Home inakurudisha juu kabisa popote ulipo, halafu unahesabu mishale ya chini mpaka mstari unaoutaka. Na Kontrol na S, kusevu, yaani kuhifadhi kazi, kila baada ya nukta, kila baada ya nukta, kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika bila taarifa na kazi ya saa nzima ikapotea. Mpaka leo nikimaliza sentensi kidole changu kidogo kinajisogeza chenyewe.

Nilichora kibodi kwenye boksi la sabuni nikaiweka chini ya godoro. Jioni, wakati Shangazi akimenya ndizi, nilikuwa nikifanya mazoezi juu ya boksi lile, na yeye akinitajia: kopi, bandika, chagua zote, funga. Akisikia nimechelewa kugonga alisema, "Polepole hiyo." Nilishangaa anajuaje, kwa maana alikuwa amenipa mgongo. Lakini ndivyo alivyokuwa. Siku moja dukani nilitoa karanga mfukoni kimya kimya, nikaweka moja tu mdomoni, naye bila kugeuza kichwa akasema niache karanga, mafuta yataingia kwenye karatasi za watu. Tangu siku hiyo niliamini kabisa kwamba Shangazi anaona kila kitu, mbele na nyuma, na kwamba kwake hakuna kinachofichika.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona nikayapa maana yangu. Njiani hakusalimia watu mpaka wao waanze. Majirani walisema ana majivuno ya kukaa mjini, nami niliona aibu kwa ajili yake. Akinimiminia chai alitumbukiza ncha ya kidole kikombeni, nikadhani anapima moto. Na hakunitazama. Hilo ndilo lililoniuma. Alipoongea nami macho yake yalikaa juu ya bega langu, au kwenye sikio, kama mtu anayesubiri mwingine atokee nyuma yangu. Nilikuwa nafanana sana na mama, kila mtu alisema hivyo, na nilishawahi kusikia kwamba yeye na mama hawakupatana mama alipoolewa. Nikahitimisha kwamba uso wangu unamkera. Nilijaribu kuwa mwepesi zaidi, kusoma vizuri zaidi, ili siku moja anitazame kama mtu anavyomtazama mtoto wake.

Mwaka ule ule mama alijifungua mtoto wa kiume, na baba akatuma ujumbe kwamba ubatizo ni Jumapili. Nilikuwa sijamwona mtoto huyo. Nilikuwa sijafika nyumbani miezi mingi. Ijumaa nilipofika dukani nikiwa tayari nimeshamwambia rafiki yangu wa shule kwamba kesho nasafiri, Shangazi aliniambia siendi.

"Wiki hii siwezi kubaki bila wewe," alisema. "Kazi ni nyingi. Utakwenda nyingine."

Alisema hivyo huku akitazama ukuta pembeni ya kichwa changu. Sikulia. Nilikaa kwenye stuli yangu, nikaapa moyoni kwamba sitamwambia neno zaidi ya yale yaliyoandikwa.

Alasiri hiyo aliingia mwanamume mmoja wa Ijuganyondo, Projestus, ambaye baba yake alikuwa anazikwa kesho yake. Alikuwa na karatasi mbili za daftari, zimekunjwa mara nne na zimelowa jasho. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mama yake amesisitiza historia ya marehemu iandikwe vizuri, maana wameishi pamoja miaka zaidi ya hamsini, naye asingependa kitu kiachwe. Zilitakiwa kopi mia moja kabla duka halijafungwa. Akaenda kushughulikia turubai na viti, akaahidi kurudi.

Nilianza kusoma. Alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alipanda kahawa gani. Vidole vya Shangazi vilikimbia. Nilipofika karibu na mwisho paliandikwa kwa mwandiko wa kulala: marehemu ameacha mjane mmoja, watoto saba na wajukuu kumi na tisa.

Nikasoma, "Marehemu ameacha wajane wawili, watoto saba na wajukuu kumi na tisa."

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini niliteua neno lile. Sikuwa nimepanga. Lilikuwa jambo dogo tu, moja kuwa mbili, kosa la hesabu. Nilitaka asimame. Karatasi ilikuwa mapajani mwangu, sentimita chache kutoka kwake, naye aliyeona karanga moja bila kugeuka angeona mara moja kwamba nimesoma visivyo. Angenigeukia. Angenifinya, sawa, lakini angenitazama.

Vidole havikusimama. Vilipita juu ya wajane wawili kama vilivyopita juu ya kila kitu, vikagonga nukta, vikasevu. Halafu, kama kawaida yake, aliniambia nimsomee yaliyo kwenye kioo tangu mwanzo, asikie kama yanasikika vizuri. Nikasoma. Nilipofika pale nilipunguza mwendo, nikatamka kila silabi. Wa-ja-ne wa-wi-li. Nikasubiri. Alitikisa kichwa akasema yanasikika vizuri.

Hapo ndipo palikuwa pangu pa kurekebisha. Nilijua vitufe vyote. Kontrol na F, ningeandika neno, lingejitokeza lenyewe, ningelifuta na kuandika lingine. Alinifundisha mwenyewe, na isingefika nusu dakika. Au ningesema tu. Lakini hasira ya ubatizo ilikuwa bado haijaniisha, na zaidi ya hasira kulikuwa na mshangao, kwa sababu sikuelewa kwa nini hajaona. Nikawaza labda ameona na ananisubiri mimi. Tulikaa hivyo, mimi namsubiri yeye, nikidhani yeye ananisubiri mimi. Kisha akabonyeza Kontrol na P, printa ikanguruma, na Ta Zakaria akaipokea karatasi akaipeleka kwenye fotokopi. Mia moja. Nilizipanga mwenyewe zikiwa moto.

Yaliyotokea Ijuganyondo niliyasikia baadaye, vipande vipande, kutoka kwa watu wazima waliodhani sisikii. Katekista alisimama kando ya jeneza akasoma historia ya marehemu kwa sauti, akasoma kama ilivyochapwa. Mjane aliinua kichwa, akamuuliza mwanawe mkubwa, kwa sauti ambayo wa mbele wote waliisikia, mwingine ni nani. Walijitahidi kueleza kwamba ni kosa la uchapaji, lakini karatasi zilikuwa mikononi mwa watu mia moja, na kilichochapwa watu hukiamini kuliko kinachosemwa. Wapo walioanza kuhesabu safari za marehemu. Yule mama aliingia ndani na hakutoka kumtupia mumewe udongo.

Jumatatu nilipofika dukani Projestus alikuwa amesimama katikati, na Ta Zakaria pembeni yake ameshika zile karatasi mbili za daftari. Shangazi alikuwa amekaa mahali pake, mikono juu ya kibodi ingawa kompyuta ilikuwa imezimwa. Projestus hakupiga kelele. Nadhani angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba anataka kujua nani amemfanyia mama yake hivi, na kwa nini.

Shangazi alisema kama kuna kosa ni la kwake. Ta Zakaria alikuwa anamtetea bado. Alisema Adventina hajawahi kukosea, huenda familia yenyewe iliandika vibaya, tuangalie. Akampa Shangazi karatasi. "Soma hapa mwishoni," alimwambia, "sote tusikie."

Alizipokea. Nilimwona akizisogeza kidogo upande wa kulia, kisha juu, kisha akazishusha. Halafu Shangazi akasoma, kwa sauti yake ile ya upole, bila kukwama.

"Marehemu ameacha wajane wawili, watoto saba na wajukuu kumi na tisa."

Ta Zakaria, aliyekuwa anachungulia juu ya bega lake, alifuata mstari ule kwa kidole. Aliufuata tena. Projestus naye aliinama akasoma. Waliangaliana. Pale palikuwa pameandikwa mjane mmoja, kwa wino wa bluu, wazi kabisa, na kidole cha Ta Zakaria kilikuwa chini ya neno lenyewe.

Projestus ndiye aliyeelewa kwanza. Hasira ilimtoka usoni nikaiona ikitoka. Alizichukua zile karatasi mikononi mwa Shangazi taratibu. "Dada," alimwambia, "wewe huoni."

Shangazi hakukana. Aliinamisha kichwa. Alisema anaona kidogo, pembeni, na njia anaiona, watu anawaona kama vivuli, lakini katikati kumeingia giza mwaka wa pili sasa, na herufi zote ziko katikati. Alisema alikuwa anaogopa. Ta Zakaria alikaa kwenye kiti cha wateja akawa anafuta uso kwa kiganja. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na begi la shule mgongoni, na dunia yote niliyokuwa nimeipanga kichwani ikabomoka pale pale: karanga alizisikia, si kuziona; mausi aliifunika kwa sababu ule mshale wake mdogo kwenye kioo asingeuona hata angefanyaje; majirani hakuwatambua nyuso; na mimi sikuombwa kwa sababu nasoma vizuri kuliko wenzangu. Niliombwa niwe macho yake. Mama alilijua hilo aliponiambia nisiwe na maneno mengi. Nyumbani walijua wote isipokuwa mimi, wakanificha kwa kuhofia ulimi wangu.

Ta Zakaria hakumfukuza kwa maneno mabaya. Alimwambia apumzike, atibiwe kwanza. Alimfungia ndizi mbivu kwenye mfuko, sijui kwa nini, labda hakujua la kufanya na mikono yake. Tulipanda Hamugembe. Njiani Shangazi alinishika bega, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, kwa kuwa sasa hapakuwa na haja ya kujificha. Tulipofika mlangoni akasimama.

"Koku," aliniita, "wewe ulinisomea vipi pale? Ulisoma mmoja au wawili?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilimwona mama wa Ijuganyondo, nikaiona fimbo ya baba, nikamwona Ta Zakaria akifuta uso.

"Nilisoma mmoja, Shangazi."

"Na kwenye kioo?"

"Na kwenye kioo nilisoma mmoja." Nikaongeza kwamba labda nilipita haraka bila kuangalia vizuri.

"Basi ni mimi," alisema. "Mimi nilisikia wawili. Mara zote mbili nilisikia wawili." Akagusa sikio lake la kushoto, lile la upande wangu, akaligusa kwa uangalifu kama mtu anayegusa jino linalouma. "Na masikio nayo."

Wiki hiyo hiyo baba alikuja akatuchukua wote wawili. Hivyo nilipata nilichokuwa nimekitaka, nikapanda basi kwenda Muleba, nikamwona mdogo wangu aliyekwisha kubatizwa. Daktari alisema kilichokufa ndani ya jicho hakirudi. Shangazi alipewa chumba cha nyuma kinachotazama kibanja, shamba letu la migomba, na taratibu hata ule mwanga wa pembeni ukafifia. Alichambua maharage, alimenya ndizi haraka kuliko mama, alilea watoto wa ndugu zangu. Lakini alipokaa bila kazi vidole vyake vilitembea juu ya mapaja, na mimi peke yangu ndani ya nyumba ile nilijua vinachapa nini. Nilikuwa naona kidole kidogo cha kushoto kikibana na kingine kikigonga. Alikuwa anasevu.

Nilikuwa kidato cha tatu, niko likizo, mwalimu mmoja wa watu wasioona alipokuja kwetu kupitia parokia. Alikuwa na kompyuta ndogo inayosoma kwa sauti kila unachogonga. Alimweleza Shangazi kwamba mtu asiyeona hahitaji mausi kabisa kwenye mashine hii, kila kitu ni vitufe, na kwamba wanaojua vitufe kama yeye wanajifunza kwa wiki mbili tu na wengine wameajiriwa. Alimtajia baadhi, na Shangazi akamtajia vingine kabla hajavifikia, wakawa wanacheka. Sijawahi kuuona uso wake hivyo, si kabla, si baadaye. Mwalimu akaisogeza kibodi mbele yake. Shangazi aliweka vidole mahali pake bila kupapasa. Akagonga herufi moja. Mashine ikaitaja.

Akaondoa mikono.

Alisema anashukuru sana, ila hawezi. Alisema macho kupotea si kitu, lakini masikio yake yalishamdanganya mara moja, akasikia visivyosemwa, na mama wa watu akaaibishwa mbele ya jeneza la mumewe. "Mashine itasema moja, mimi nitasikia mbili," alisema. "Sitamfanyia mtu mwingine vile." Mwalimu alimsihi. Alirudi hata mara ya pili. Shangazi alikataa katakata.

Siku ile nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Neno moja langu lingemrudishia kazi yake. Nililishika mdomoni, vikombe vikawa vinagongana, nikaweka sinia mezani nikatoka nje nikajificha kwenye migomba. Nilijiambia nitasema jioni. Kisha nitasema likizo ijayo. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikaajiriwa, nikawa mtu anayesifiwa ofisini kwa wepesi wa mikono, na kila nikisifiwa nilikuwa namwona yeye akigusa sikio.

Nilimwambia mwaka jana. Alikuwa ameanza kuumwa kifua, nami nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nikae naye siku chache. Tulikuwa chumbani kwake mchana, mvua imekatika, paa linadondosha matone. Nilisema moja kwa moja, kwa sababu nilikuwa nimeshajaribu njia za kuzunguka kwa miaka mingi.

"Shangazi, ile ratiba ya Ijuganyondo. Hukusikia vibaya. Nilisoma wajane wawili. Nilisoma makusudi."

Alinyoosha kwanza blanketi juu ya magoti yake. Nilidhani hajanisikia.

"Makusudi," alisema.

"Ulinikatalia kwenda kwenye ubatizo. Nilitaka unitazame. Ulikuwa hunitazami kamwe."

Aligeuza uso kunielekea. Macho yake yalikuwa yamepauka, yakatua usoni pangu kabisa, mahali ambapo miaka ile hayakuwahi kutua.

"Nikikutazama usoni nilikuwa naona giza," alisema. "Ili nikuone ilibidi nitazame pembeni. Ndivyo nilivyokuwa nakutazama, Koku. Kila siku nilikuwa nakutazama."

Nililia. Yeye hakulia, wala hakunikataza. Baadaye aliuliza kama siku ya yule mwalimu wa kompyuta nilikuwepo. Nilisema nilikuwepo. Alisema anajua, alisikia vikombe. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma kitu alichokuwa amekitafuta kwa muda, "Kwa hiyo nilisikia vizuri." Akalirudia. Akaiweka mikono yake chini ya blanketi, akaomba nimwache alale.

Sikujua kama amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Jioni alikula kama kawaida, akaulizia bei ya kahawa, akamcheka mdogo wangu kwa jambo fulani. Ilikuwa Jumamosi, na kila Jumamosi nikiwa nyumbani nilikuwa namsomea masomo ya misa ya kesho yake, maana alipenda kuyasikia mapema. Nilichukua kitabu nikakaa kwenye stuli kushoto kwake. Nilisoma kwa uangalifu wote niliojaliwa, somo la kwanza, zaburi, somo la pili, injili, sikuruka hata nukta. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

Nilipomaliza alisema asante. Akangoja kidogo, halafu akamwita mama, aliyekuwa jikoni.

"Wifi," alisema, "ukimaliza njoo unisomee na wewe."

Mama alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Alikaa, akachukua kitabu mkononi mwangu, akavaa miwani, akaanza somo la kwanza, akikwama kwenye maneno marefu na kurudia. Shangazi alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na ya mama, neno kwa neno, akilinganisha na niliyomsomea mimi.